Funguo za Bi Salha na Matumbawe Yaliyougua

Hapo zamani, si ile ya wafalme na majini, bali zamani ya juzijuzi, ya redio za mbao, palikuwa na mjane Pangani, jina lake Bi Salha. Marehemu mumewe alimwachia nyumba kubwa, wana watatu wa kiume, na tangi la kioo lililokaa uani penye jua. Ndani ya tangi hamkuwa na samaki. Mlikuwa na matumbawe hai, ya zambarau na ya kijani, matawi yake kama pembe za paa. Kila asubuhi Bi Salha aliyabadilishia maji ya bahari kabla hajanywa chai.

Wanawe wakaoa, wote wakaishi humo. Mke wa mkubwa ni Barke, wa katikati Shemsa, wa mdogo Time. Walikula sinia moja, lakini mioyo yao haikukaa mkeka mmoja. Mama mkwe akimsifu Barke kwa pilau, Shemsa hulala na njaa. Akimsifu Shemsa, Time hushinda chumbani, eti kichwa kinamuuma.

Basi matumbawe yakaanza kupauka. Leo tawi moja, kesho mawili. Bi Salha, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawaita wakaza wanawe, akaweka funguo zote za nyumba juu ya mkeka.

"Wanangu, nimechoka. Atakayeyaponya matumbawe ya marehemu atashika funguo hizi. Stoo yake, jiko lake, neno lake."

Wakatazamana kama paka watatu na kichwa kimoja cha samaki.

Barke akaketi mbele ya kioo siku tatu, hapiki wala hafui. Akaona vidoa vyeupe vya mviringo kwenye matawi. Akajiuliza: ugonjwa huu una meno? Akachukua kipira cha kunyonyea maji, akalipulizia tawi. Kitu kikabanduka, chembamba kama ganda la kitunguu, rangi ileile ya tumbawe!

"Mnyoo!" akapiga kelele. Kisha akajiziba mdomo, maana Shemsa alikuwa nyuma yake.

Shemsa alipata kufanya kazi zahanati. Akatia iodini kidogo katika ndoo ya maji ya bahari, akajaribu kwanza kijitawi kilichovunjika. Kilipopona, akanyoosha mkono achukue matumbawe mengine.

"Usiyaguse!" Barke akamaka. "Mnyoo nimemwona mimi."

"Umemwona, basi mfukuze kwa macho hayohayo!"

Mama mkwe akawaamua. Shemsa akachovya, minyoo wakaanguka kama maganda ya ufuta. Rangi ikarudi. Tangu siku ile Shemsa alitembea mkono kiunoni, kama mtu aliyekwisha kufunga funguo kwenye pindo la kanga.

Wiki tatu zikapita, weupe ukarudi.

Safari hii Time, asiyekuwa na maneno mengi, akaligeuza kila tumbawe chini juu. Huko kwenye shina, palipokufa, akakuta mayai ya kahawia, madogo kama ulezi. Dawa ilikuwa imeua minyoo, mayai ikayaacha. Akayakwangua kwa ncha ya kisu, siku baada ya siku, hata vidole vikavimba. Kisha akamwomba Shemsa dawa, maana huenda minyoo wengine walikwisha kuanguliwa.

"Dawa yangu haitakupambia wewe harusi," Shemsa akasema. Mpaka Bi Salha alipoamuru, ndipo akaitoa. Wakachovya kila wiki, Time akikwangua, mpaka asionekane mnyoo wala yai.

Matumbawe yakapona. Bi Salha akawaketisha.

"Time, mwanangu, ulijuaje kutazama chini?"

Time akainamisha kichwa, machozi yakamdondoka. "Mama, ulimsifu Barke mwezi mzima, hukuniona mimi. Nikaenda mwambani maji yalipokupwa, nikakuletea tumbawe dogo la buluu. Niliona chembe kwenye shina lake, nikadhani mchanga. Sikulitenga, sikuliosha, nikalitia tangini vivyo hivyo. Nimeleta maradhi mimi."

"Mnasikia!" Shemsa akaruka. "Mchawi ndiye mganga! Aliyeua minyoo ni mimi."

"Ungeua nini usichokiona?" Barke akajibu. "Bila macho yangu ungekuwa unachovya upepo. Nami nilimwona mnyoo siku ya tano tu baada ya dawa yako!"

Bi Salha akamgeukia polepole. "Siku ya tano? Ukakaa kimya mpaka wiki ya tatu?"

Barke akakiri: "Nilitaka Shemsa aaibike, Mama."

Bi Salha akazitazama funguo, akawatazama wanawake watatu. Akazisukuma katikati ya mkeka. Hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono wa kwanza, na hakuna aliyekubali kuinuka awaachie wenzake.

Nawaachieni ninyi mnaonisikiliza. Mmoja aliutambua ugonjwa, akauficha uliporudi. Mmoja aliutibu, akamnyima mwenzake dawa. Mmoja aliumaliza, naye ndiye aliyeuleta. Je, nani alistahili funguo?