Ngamia Aliyehesabiwa Mara Nne

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa jangwani, usio na shamba hata moja, ulioishi kwa biashara tu, paliondokea mwanamke mchamungu aitwaye Bi Lubaba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliwanywesha maji ngamia wa misafara langoni, wala hakutaka malipo.

Sultani alitaka kujua mji upi unavuta wafanyabiashara zaidi, huo au wa jirani, ili soko kuu la mwaka, lililokuwa likifanyika hapo, libaki au lihamishiwe kwa jirani. Mjumbe wake akaamuru ngamia wenye shehena wahesabiwe siku nzima: kila anayeingia, kokwa moja ya tende mtungini. Akaapishwa Bi Lubaba ahesabu, kwa kuwa hakuna aliyemshuku.

Kufika adhuhuri, uvumilivu ulikuwa umemwishia.

"Astaghfirullah! Huyu mwenye sikio lililochanika nimeshamnywesha mara tatu. Sasa hata maji hayataki!"

"Tia kokwa tu, mama," akasema mchungaji wa ngamia huyo, Shaddad, akijifuta jasho. "Liwali wa mji ametuamuru tutokee lango la nyuma tuzunguke. Miguu inatuwaka moto."

Liwali akaja mbio. "Bi Lubaba, mumeo si mpagazi wa soko hili? Likihamishwa, watoto wako watakula nini?"

Kweli, nyumbani kwa Bi Lubaba palikuwa na unga wa siku mbili. Lakini akasema, "Riziki yao hakuiandika Liwali, wala haimo katika kokwa za uongo."

Jioni akaumwaga mtungi mbele ya mjumbe, akatoa kokwa moja kwa kila mara aliyomwona ngamia akirudi, maana aliowanywesha aliwajua kwa sura. Zilizobaki hazikujaza viganja viwili.

"Mbona wachache hivi?" mjumbe akauliza.

Shaddad akashindwa kujizuia. "Bwana, hapa twasubiri siku nne langoni muhuri wa Liwali wa kuturuhusu kushusha mzigo! Kwa jirani twashusha mzigo siku hiyohiyo. Kama si maji ya mama huyu, tungekuwa tumekwisha kufa."

Mjumbe akamgeukia Liwali. "Kwa ukweli wa mama huyu, soko nakuachieni mwaka mmoja. Muhuri utolewe siku ya kufika."

Mwaka uliofuata, ngamia walipohesabiwa tena, mtungi ulijaa kabla ya alasiri. Ngamia mwenye sikio lililochanika alipita mara moja tu, na alikuwa na kiu.

Ndugu zangu, tunahangaika mno kuzungusha ngamia. Yule mama alikuwa na unga wa siku mbili, na bado alisema kweli. Mola atupe sehemu ya moyo wake.