Flashi ya Kadoshi

Paliondokea dijei mmoja Shinyanga, si zamani sana, mwembamba kama waya wa spika. Jina lake Kadoshi. Jumamosi moja mchana alimfuata tajiri yake, Masunga mwenye baa, akaomba nyongeza ya mshahara.

Masunga alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Nyongeza ya nini? Watu huja hapa kwa bia na kitimoto. Kazi yako ni kubonyeza, hata mbuzi ana kwato. Niachie flashi ya nyimbo, uende zako."

"Flashi ni yangu, bosi."

"Basi nainunua."

Kadoshi akaiuza kwa mshahara wa mwezi, akavuka barabara, akaketi dukani na soda yake.

Jioni baa ilipofurika, Masunga alibonyeza mwenyewe. Wimbo ulipoanza tu, wateja walimalizia glasi zao wakasimama. Mhudumu akapandisha viti juu ya meza. Mlinzi akazima taa za nje. Masunga akaruka wimbo, ukaja uleule. Akaruka tena, uleule.

Akavuka barabara akihema. "Kadoshi, umeniwekea uchawi gani humu?"

"Uchawi uko wapi, bosi? Humo mna wimbo mmoja tu, ule wetu wa kufungia baa. Kila usiku nikiupiga, watu wanajua ni kwenda kulala."

"Lakini wameondoka wote!"

"Ajabu. Bia na kitimoto havikuwazuia?"

"Haya, sema. Unataka nyongeza kiasi gani?"

"Nyongeza tutaongea kesho, bosi. Leo tuelewane kwanza bei ya wimbo wa kufungulia."