Swichi Iliyokuwa Chumbani kwa Mama Mkwe

"Haya haizimi umeme." Mmeisikia sokoni, mmeisikia kwa mafundi, sasa mmekuja kuniuliza mimi ilitoka wapi. Ilitoka humu humu ndani, kwenye jiko hilo linalowapikia ugali. Kaeni niwaambie, na asinikatize mtu, maana nikiikumbuka habari hii damu inanichemka.

Mhina, mjukuu wangu, wakati huo ulikuwa tumboni, mimba ya miezi saba. Jiko langu lilikuwa na soketi moja tu. Friji humo, birika humo, blenda humo, vyote kwenye ekstensheni moja iliyokuwa ikipata moto kama pasi. Baba yenu, Semkiwa, akaona haifai. Akaja asubuhi na vifaa vyake aniongezee soketi ya pili. Yule ni fundi umeme wa kusomea, si wa kubahatisha, ndiyo maana mpaka leo nashindwa kumwelewa.

Meni swichi ya nyumba hii, ile inayozima umeme wote, iko chumbani kwangu. Marehemu babu yenu ndiye aliyetaka iwe huko, eti mwizi asije akatuzimia taa. Na ninyi mnajua mambo ya kwetu: mwanamume haingii chumbani kwa mama mkwe wake, wala hamtumi kazi. Akiwa na neno, humpitishia mkewe. Siku ile mama yenu alikuwa kliniki. Tulibaki wawili, yeye jikoni, mimi nimejilaza chumbani, kila mtu akimkwepa mwenzake kwa adabu.

Alichimba ukuta, akapitisha bomba, akaweka boksi la soketi. Kilichobaki ni kuunga waya, na hapo umeme lazima uzimwe. Akafanya nini? Akakohoa. Akakohoa tena, safari hii karibu na mlango wangu. Mimi nikasema maskini, vumbi limemwingia kifuani. Nikatoka uani, nikamchemshia chai ya tangawizi kwenye jiko la mkaa, nikamwekea kizingitini, nikarudi kulala. Nawaambia ukweli, nilijiona mama mkwe mwema sana.

Na yeye akainywa ile chai. Kisha akavaa ndala zake, akapanda juu ya kigoda cha mbao, eti mpira na mbao vimkinge, akaanza kuunga waya na umeme upo.

Nilisikia kigoda kikipinduka. Nilipochungulia, mkono umeganda kwenye waya, macho yamegeuka, sauti haitoki. Nilinyoosha mkono nimvute. Aliyenizuia ni Mungu tu, tungekufa wote wawili. Nikakimbia chumbani nikaishusha swichi, nikamsikia akianguka sakafuni kama gunia.

Alipozinduka nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia nizime?"

"Niliona haya, mama. Nilikohoa."

"Umeme unajua kikohozi, Semkiwa? Mwanangu atoke kliniki na tumbo lile, akukute maiti jikoni kwangu, kwa sababu ya haya?"

Alikuwa anatazama sakafu, hata wakati ule, asije akaniona uso. Nilitamani kumzaba kibao. Na mimi nilistahili changu, maana nilijua swichi iko wapi na sikuuliza. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka leo, mmeviona wenyewe.

Mwezi ukapita, akarudi kumalizia kazi. Mama yenu alikuwepo, na mimi nilikuwa barazani na jirani zangu wawili, tunachambua mchicha. Nikadhani atampitishia mkewe. Wapi. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu.

"Mama, inuka ukazime umeme. Usiuwashe mpaka nikwambie."

Jirani zangu wakaacha mchicha. Mmoja akanong'ona kwamba ile ni laana. Mimi nikainuka upesi, nikazima, nikaketi kitandani kuilinda ile swichi mtu asije akaigusa. Nikamsikia akimwambia mkewe kwamba amepima kwa tesita na waya hauna kitu. Akaunga, akakaza, akafunga kifuniko. Ndipo akaniita niwashe, kwa sauti kubwa, bila kukohoa.

Niliporudi barazani wale wanawake wakaniuliza imekuwaje nimekubali kuamrishwa na mkwe mbele za watu. Nikawaambia mjukuu wangu anakuja, na nataka amkute baba yake hai. Haya haizimi umeme.