Nyangumi Mlangoni pa Sultani

Hapo zamani, wakati masultani walikuwa wengi kuliko miji, palikuwa na kisiwa cha wavuvi kikiitwa Kijamvi. Jina hilo kilipewa kwa udogo wake, maana mtu wa upande wa mawio akipiga chafya, wa upande wa machweo humwitikia yarhamukallah. Kisiwani hapo hapakuota mti wa kujengea. Mbao za milango, boriti za mapaa na hata mbavu za vyombo vyao waliletewa na bahari, ambayo baada ya kila tufani ilitupa ufukweni magogo na vipande vya vyombo vilivyovunjika mbali. Aliyeokota ndiye mwenye mali, na tangu enzi za mababu hapakuwa na ugomvi juu ya jambo hilo.

Ng'ambo, mwendo wa kutwa kwa makasia, ulikuwepo mji wa Sultani Mngwame. Yeye ndiye aliyekuwa mtawala wa Kijamvi, ingawa hakupata kukanyaga huko, kwa kuwa bahari humtapisha. Basi siku moja waziri wake akamwambia kwamba watu wa Kijamvi wameokota mlingoti wa msaji, mzima, wala hawakumletea habari. Sultani akakasirika, akapiga mbiu, akasema, "Kila kitupwacho na bahari katika kisiwa cha Kijamvi ni mali yetu, kizuri kwa kibaya, nao watakileta wenyewe hadi mlangoni petu. Wakizuia hata kipande kimoja, watahamishwa kisiwa kizima."

Sasa yule aliyeokota mlingoti alikuwa mtu mmoja jina lake Vuai, hana chombo wala wavu. Watu walimlisha kwa zamu na kumwona punguani, kwa sababu kila aliloambiwa alilifanya kama lilivyosemwa. Aliwahi kuambiwa atupe nanga, akaitupa, na kamba yake imelala ndani ya chombo, haijafungwa. Mlingoti ule alikuwa ameshikizia paa la nyumba ya dada yake Mize, ambaye mumewe alikuwa amefariki naye ni mzazi mchanga. Askari wa Sultani wakaja, wakaung'oa, na paa likaanguka mbele yao. Wakapakia mlingoti, wakaenda zao.

Ikawa Mize anakaa chini ya tanga bovu na mtoto wake, na masika ndiyo kwanza yameingia. Vuai akaja kumjulia hali.

"Kaka," Mize akasema, "paa silililii. Namlilia huyu. Sikiliza kifua chake."

Vuai akainama akasikiliza, na kifua cha mtoto kilikuwa kikikoroma. Akanena, "Nitakwenda kwa Sultani."

"Ukamwambie nini?"

"Nikamwulize kama amri yake nimeisikia sawasawa."

Basi akaomba nafasi katika mtumbwi uliokuwa ukipeleka samaki, akavuka, akaingia barazani pa Sultani na magamba miguuni. Waziri akataka atolewe, lakini Sultani alikuwa amechoka na watu wenye akili siku ile, akasema, "Mwacheni. Wataka nini?"

"Maulana, mimi ni mtu wa Kijamvi. Naomba kujua, kila kitupwacho na bahari ni chako?"

"Kila kitu."

"Kizuri kwa kibaya?"

"Msituchagulie. Leteni vyote."

"Na tukifika nacho tukiweke wapi, Maulana? Pwani?"

"Mbiu ilisema mlangoni," Sultani akajibu. "Tukikiacha pwani kitaibwa. Na tumekwisha waamuru askari, mwenye kuleta mali yetu asizuiwe na mtu."

"Nimesikia na nimetii," akasema Vuai, akarudi.

Zikapita siku, mvua zikizidi, na kifua cha mtoto kikizidi. Asubuhi moja watu waliamka wakakuta nyangumi ufukweni. Alikuwa mdogo kwa nyangumi, lakini alikuwa mrefu kuliko chombo chochote cha Kijamvi, naye alikuwa amekufa zamani. Mkuu wa kisiwa, Mzee Pandu, akaja amejifunga kilemba puani.

"Maji yakijaa tumsukume aende zake," akasema.

"Mzee wangu," akajibu Vuai, "huyu ametupwa na bahari. Ni mali ya Sultani. Tukimwacha aende, tutahamishwa."

Mzee Pandu akamtazama sana, kisha akamtazama nyangumi, akasema, "Haya. Leteni kamba."

Wakamfunga mkia, na vyombo vyote vya Kijamvi vikamkokota. Wakafika mjini siku ya pili, maji yamejaa hadi ngazi za nyumba ya Sultani, na harufu ilikuwa imetangulia kufika. Askari wakauliza, "Mmeleta nini?" Vuai akajibu, "Mali ya Sultani." Basi wakasimama kando, kama walivyoamriwa, macho yakiwatoka machozi. Watu wa Kijamvi wakatandika magogo, wakavuta, wakasukuma, hata kichwa cha nyangumi kikaingia ukumbini na mkia ukabaki ngazini. Mlango haukufungika tena, wala mtu hakuweza kupita.

Sultani akatokea dirisha la juu, amejifunika uso kwa kitambaa cha hariri.

"Ni nini hiki?"

"Ni chako, Maulana," akasema Vuai. "Hatukuzuia hata kipande."

"Kitupeni baharini."

"Tutatupa. Ila mkondo wa hapa huelekea kwetu. Kesho kutwa atakuwa ufukweni Kijamvi, nasi tutamleta tena, naye atakuwa ameiva zaidi."

"Basi mchukueni, tumewapa."

"Hatuthubutu, Maulana. Amri yakataza."

Sultani akamgeukia waziri, na waziri hakuwepo, alikuwa amekwisha ruka ukuta wa nyuma. Ndipo Sultani akamwita kadhi na watu wa mji wasimame kwa mbali, akatangaza kwa sauti, "Kila kitupwacho na bahari Kijamvi ni cha aliyekiokota, kizuri kwa kibaya, nasi hatuna haki humo, wala watoto wetu hawatakuwa nayo."

"Na mlingoti, Maulana?"

"Uko ghalani, uchukueni. Na huyu nyangumi sasa ni wenu?"

"Ni wetu," Vuai akakubali. "Twashukuru."

Akawaashiria wenzake, wakaanza kukunja kamba na kurudi vyomboni. Sultani akawaita, "Nyinyi, mwenda wapi?"

"Kwetu, Maulana. Mali yetu tutakuja kuichukua masika yakiisha. Sasa tuna kazi, nyumba zetu zavuja."

Sultani akatazama mkia ngazini, akatazama wingu la nzi, kisha akaanza kucheka, na kwa kuwa kucheka kwataka pumzi, akacheka kwa mateso makubwa, akishikilia dirisha.

"Mnahitaji boriti ngapi?" akauliza alipoweza.

"Za nyumba zote," akasema Vuai. "Na chombo cha kuzibebea, maana vyetu vitakuwa vinamkokota huyu."

Akapewa. Nyangumi akaondolewa siku ile ile, akavutwa hadi nje kabisa ya mkondo, akaachwa huko. Mlingoti ukarudi, na Mize akalala pakavu. Mtoto alikohoa siku chache zaidi, kisha akapona, akawa na sauti ya kuwakera majirani.

Ama Sultani Mngwame, ukumbi wake ulifukizwa udi mpaka udi ukaadimika mjini. Na tangu hapo, kila alipoambiwa kwamba watu wa visiwani wamekuja na zawadi, aliuliza kwanza upepo unatoka wapi. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa, nami sikuongeza neno.