Mashimo ya Wanyenyekevu

Paukwa!

Pakawa!

Sikuwasikia. Na ninyi mnaochambua maharage huko jikoni, kazi ni ya mikono, mdomo uko huru. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakwenda kanisani, mvua iligoma. Iligoma kabisa. Mto ukakauka, ukabaki mchanga. Majani yakakauka, yakabaki vijiti. Hata mate yalikauka; ukitaka kutema, uazime kwa jirani.

Mama Ngiri alikuwa na watoto wanne. Wa mwisho aliitwa Kivumbi. Kivumbi alikuwa na kiu mpaka hawezi kulia. Anafungua mdomo, haaa, sauti haitoki. Mama yake akachimba maji kwa pua. Akachimba huku, kuu-kuu-kuu, hamna. Akachimba kule, kuu-kuu-kuu, hamna.

Jumapili wanyama wakakusanyika kwenye uwanja wa kanisa kuombea mvua. Katekista wao alikuwa Korongo, yule mwenye koti jeusi na upara.

"Wapendwa!"

"Amina!"

"Mungu huwasikia wanyenyekevu. Kwa hiyo sala ya leo ataiomba aliye mnyenyekevu kuliko wote. Ni nani huyo?"

Jamani, hilo nalo ni swali la kuuliza kanisani?

Tembo akasimama. "Mimi sipendi kujisifu. Lakini kwa unyenyekevu, hapa hakuna anayenifikia." Akapiga magoti, gubu! gubu! Mabenchi yakaruka.

Twiga akacheka. "Shemeji Tembo, wewe umeshuka kutoka wapi? Hapo tu! Mimi natoka mawinguni." Akapanua miguu. Akashusha shingo, akashusha, akashusha, mpaka kidevu kikagusa mavumbi. "Nani yuko chini kuliko mimi?"

"Mimi!" akasema Kiboko, amelala kifudifudi. "Tena tumbo langu liko chini hata nikisimama."

Tembo akaona anashindwa. Akaanza kuchimba shimo, chaku-chaku-chaku, akaingia ndani. Twiga naye akachimba lake. Kiboko naye lake. Vumbi likapanda hadi juani.

"Mimi nimefika kwenye mizizi!"

"Mizizi ni nini? Mimi nasikia mchwa wanapika!"

"Nimewapita wote! Nimewapita kwa unyenyekevu!"

Korongo akawa anakimbia shimo hadi shimo na fimbo ya kupimia. "Kiboko anaongoza! La, Twiga! La, Tembo huyo, amezama masikio!"

Jua likafika utosini. Sala ya mvua haijaanza.

Ndipo akaja Mama Ngiri na watoto wake nyuma, pua imejaa udongo mwekundu.

"Baba Katekista, mmeshaomba?"

"Bado. Tunamtafuta mnyenyekevu."

"Na mvua je?"

"Mvua itasubiri, mama. Utaratibu kwanza. Ukitaka kushindana, nafasi ipo pale karibu na Kiboko."

"Mimi nina mtoto hapa hawezi hata kulia," akasema Mama Ngiri. Akapiga magoti pale pale aliposimama. Hakufanya hivyo ili aonekane. Ngiri ndivyo walivyo, hata chakula wanakula wamepiga magoti. Akafumba macho. Hakuangalia nani yuko juu, hakuangalia nani yuko chini.

"Baba, ni mimi. Kivumbi ana kiu. Nimechimba, nimeshindwa. Na hawa wenzangu wana kiu pia, labda ndiyo maana wanafanya mambo ya ajabu. Tusaidie. Amina."

Korongo akashangaa. "Ndiyo hiyo tu?"

Twa! Tone likamwangukia kwenye upara. Twa! Twa-twa! Halafu mwaaaaa! Mvua ikamwagika kama imekatiwa kamba. Kivumbi akafungua mdomo, akanywa, akanywa, akavuta pumzi, akalia: "Uwiiii!"

"Lia, mwanangu!" Mama Ngiri anacheka huku machozi yanamtoka. "Lia tusikie!"

Lakini mashimoni je?

"Maji yako magotini!"

"Yako kifuani!"

"Nitoeni! Mimi ni mnyenyekevu, lakini si wa kufa!"

Kiboko peke yake akaelea, akasinzia. Mama Ngiri akakimbia, akachimba mfereji kwa pua kutoka mashimoni kushuka bondeni, kuu-kuu-kuu, maji yakatoka, na kingo zikawa telezi. Tembo akaserereka nje, suuu! Twiga akaserereka nje, suuu! Wote matope matupu, huwezi kujua yupi ni yupi, ila kwa shingo.

Tembo akainamisha kichwa. "Mama Ngiri, tumekosa. Kumbe mnyenyekevu kuliko sote ni wewe!"

"Amina!" Makofi, pa-pa-pa!

Mama Ngiri akatabasamu. "Kuliko wote? Hata kuliko Twiga?"

"Hata Twiga!"

Na huko nyuma mkia wake ukainuka kidogo. Ukainuka tena. Ukasimama twi! kama mpini wa ufagio.

"Mama," akasema Kivumbi, "mkia wako."

"Una nini?"

"Umesimama."

Mama Ngiri akageuka, akauona. Aibu ikamshika. Akaubana chini, ukaruka juu. Akaubana, ukaruka. Akatimua mbio kwenda nyumbani, mkia juu, na watoto nyuma yake: twi, twi, twi, twi. Alipofika tu, akapiga magoti.

"Baba," akasema, "ni mimi tena."

Ndiyo maana hadi leo ngiri akikimbia mkia uko juu, na akifika tu, magoti chini.

Basi, watoto, Mghoi na Mwakio, nanyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: mbele za Mungu usijipime na jirani. Mungu hajakuuliza nani yuko juu na nani yuko chini. Mwambie shida yako, mtajie na ya mwenzako, inatosha. Na siku watakayokusifu kwamba u mnyenyekevu, peleka mkono nyuma taratibu, uone kama mkia umelala.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ngojeni nami niangalie wangu.