Mtani Juu ya Madigadi

Soma hii polepole, halafu mtumie yule rafiki anayekutania kuliko watu wote.

Mpakani ambako Wahehe na Wagogo wamechanganyika hadi mbuzi wao hawajui ni wa kabila gani, paliishi wazee wawili. Mzee Kikoti, Mhehe, alikuwa na trekta kuukuu na mbwa aitwaye Watasema. Mzee Ndahani, Mgogo, hakuwa na trekta wala mbwa. Alikuwa na mdomo.

Makabila hayo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mpaka msibani kwenu. Wawili hawa waliitumia ruhusa hiyo kwa miaka hamsini bila kupumzika.

Mimi naingia hivi. Mke wa Kikoti, marehemu, alikuwa dada yangu. Binti yao Otavina akanipigia simu kutoka mjini. "Mjomba, watu wanasema baba haoni vizuri. Nenda ukamtazame akilima. Kama macho yamekwisha, tunauza trekta na kumleta huku kwetu."

Otavina na ndugu zake walinichagua mimi kwa sababu nimeendesha malori mpaka Lusaka na Lubumbashi. Nikajiona mtaalamu. Hata kitambi changu kilijiona kimepewa cheo.

Nikafika asubuhi ya Novemba, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Kikoti alikuwa shambani analima. Ndahani alikuwa amekaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma, amejishikilia kwa mkono mmoja, anatukana.

"Kushoto, Mhehe. Mkono wa kushoto, ule unaofichia nyama wageni wakija."

Trekta likaenda kushoto.

"Basi, nyoosha. Nyoosha kama mtu aliyelelewa na mama."

Likanyooka.

"Sasa geuza. Geuza bwana, ng'ombe wa babu yako waligeuka bila kubembelezwa."

Likageuka. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri, ila masikio yangu yalichoka. Nikajiambia, shemeji yangu ana miaka sabini na miwili, mtu anamkoromea hivi mbele ya mbwa wake. Nikasimama mbele yao na kuinua mkono kama askari wa barabarani.

"Mzee Ndahani, shikamoo. Naomba ushuke. Unamchanganya mwenzako."

"Nishuke?"

"Shuka, mzee wangu. Nimetumwa nimwone yeye akilima, sio wewe ukisema."

Ndahani akamtazama Kikoti. Kikoti akakohoa. "Shuka, Mgogo. Shemeji amekuja kuona, mwache aone."

Ndahani akashuka pole pole, wala hakunitania. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini mimi nilikuwa na cheo.

Trekta likaondoka. Hatua thelathini za mwanzo lilikwenda sawa. Halafu likaanza kuvuta kulia, kidogo kidogo. Huko kulia, kwenye udongo mbichi uliotoka kulimwa, Watasema alikuwa amejilaza. Mbwa aliyekulia karibu na trekta halikimbii. Analiamini.

Nikapiga mluzi. Mbwa akatikisa mkia, asiinuke.

Ndahani akakimbia. Mzee wa miaka sabini na moja aliruka matuta na ndala moja mguuni, akajitupa mbele ya trekta mikono juu. "Simama, we Mhehe, simama hapo!"

Kikoti akakanyaga breki. Gurudumu likasimama kiasi cha mkono mmoja kutoka kwa mbwa. Watasema akapiga mwayo.

Kikoti akainama kutoka kwenye kiti, akiwa amemwelekea mbwa wake uso kwa uso.

"Nimekanyaga nini?" akauliza.

Nikakimbia nikawafikia.

"Hujakanyaga kitu," Ndahani akasema, akihema. "Kuna kichuguu."

"Hapa hakuna kichuguu, Ndahani. Shamba hili nimezaliwa ndani yake. Ni Watasema?"

"Mzima. Anakushangaa tu."

Kikoti akazima injini. Akaiacha mikono juu ya usukani.

"Tangu lini, shemeji?" nikauliza.

"Huu msimu wa nne. Naona mwanga na vivuli. Usiwaambie watoto. Nikienda hospitali mjini hawatanirudisha. Nitakufa nimekaa kwenye kochi."

Nikamgeukia Ndahani. "Mbona hukunieleza?"

"Nikueleze mbele yake kwamba haoni? Matusi ya mtani anayavumilia. Kuongozwa kama kipofu hawezi."

"Kwani ulidhani sijui?" Kikoti akamwambia. "Mtu gani anatukana kwa kushoto na kulia misimu minne mfululizo?"

"Na mbona hukusema?"

"Ningelazimika kukushukuru. Mgogo ukimshukuru anavimba kichwa."

Nilimpigia Otavina palepale, nikaweka sauti ya nje. Nikamwambia ukweli wote: macho, mbwa, upumbavu wangu, na kwamba baba yake haogopi daktari, anawaogopa wao.

Tukamsikia anavuta makamasi.

"Baba, njoo utibiwe. Nitakurudisha mwenyewe, mpaka mlangoni."

"Na trekta?"

"Hakuna atakayeligusa."

"Apa."

"Haki ya Mungu, baba."

Walimaliza shamba kwanza, Ndahani akiwa amerudishwa juu ya madigadi kwa heshima zote, mimi nikitembea mbele kumfukuza mbwa. Kisha tukasafiri sote watatu. Ndahani alisema anakuja kumlinda Mhehe asitoroke.

Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatolewa. Wakaanza na jicho moja. Kesho yake muuguzi akafungua bandeji. Kikoti akapepesa, akamwona binti yake, akamshika shavu. Akaniona mimi, akasema nimenenepa. Kisha akamtazama Ndahani, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Akamtazama kwa muda mrefu: nywele zilizogeuka nyeupe zote, mashavu yaliyoingia ndani.

"Ndahani."

"Naam."

"Mbona hukuniambia umezeeka hivi?"

"Uliniuliza?"

Kikoti akanyoosha mkono. Ndahani akauchukua, na kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini hakuna aliyepata tusi la kusema.

Funzo: Rafiki wa kweli huuona udhaifu wako kabla ya wengine, akakushika mkono kwa namna ambayo haikuvunjii heshima, basi usiwe mwepesi kumshusha anayemfokea mwenzake, kabla hujajua amembebea nini.