Kiti Kimoja kwa Marubani Watatu

Wekeni simu chini, nipeni masikio. Leo sitoi hadithi ya kulalia. Natoa kesi, na mahakimu ni nyinyi. Mtoto aamue, bibi aamue, na anayejifanya hana maoni ajue kabisa kwamba nitamwuliza yeye kwanza.

Palikuwa na shirika dogo la ndege liitwalo Mbayuwayu, lenye marubani kumi na tisa. Ndege zake zilibeba abiria kumi na wawili tu, zikatua Songea, Mpanda na viwanja vingine ambavyo mashirika makubwa yalividharau. Kati ya marubani hao walikuwemo watatu wenye vipawa. Kapteni Saada Mbarouk wa Pemba alikuwa msomaji: karatasi ikipita mikononi mwake ataisoma yote, mpaka maandishi madogo ya nyuma ya tiketi. Kapteni Leonidas Rwegasira wa Bukoba, mwenye miaka hamsini na minane, hakuwa na woga, awe mbele ya waziri au mbele ya mkewe. Na Kapteni Nsajigwa Mwakalinga wa Tukuyu, mdogo kuliko wote, alikuwa hanunuliki. Ungembembeleza mpaka sauti ikakauka, naye angekusikiliza kwa adabu, halafu angekataa.

Basi Mbayuwayu ikamezwa. Shirika kubwa, Kipungu, lilinunua ndege, njia, viti na hata birika la chai la ofisini. Wakubwa waliita jambo hilo muungano, wakakata keki. Siku ya pili ikaja barua: marubani wote wa Mbayuwayu wataingia Kipungu kama waajiriwa wapya.

Kama hujui kazi ya urubani, utasema kuna ubaya gani hapo. Ubaya ni huu. Marubani wana orodha, na mtu hupangwa kwa miaka aliyoitumikia kazi. Namba yako ndiyo inayoamua kama utakaa kiti cha kapteni, kama utapata likizo ya Idi au Krismasi, na shirika likipunguza watu, nani aondoke kwanza. Kwa barua ile, Rwegasira mwenye miaka thelathini angani aliwekwa nyuma ya kijana aliyeajiriwa Kipungu mwezi uliopita, tena kwa mshahara wa kuanzia. Na barua ilisema wazi kwamba watu watapunguzwa. Mimi nilipoisikia barua hiyo nilitukana peke yangu.

Wagome? Mkataba ulisema anayegoma amejifukuza kazi. Walikaa kwenye chumba cha marubani mpaka Saada alipochomoa karatasi moja kwenye rundo.

"Hebu someni hii," alisema.

"Fomu ya asubuhi?" Rwegasira aliuliza. "Hiyo tunajaza kila siku, dada."

"Mnajaza. Hamsomi. Swali la sita: 'Je, umepumzika na akili yako imetulia kiasi cha kurusha ndege?' Na chini yake imeandikwa kwamba rubani akijibu Hapana, haruhusiwi kuruka, wala haadhibiwi kwa jibu lake. Haya, niambieni, nani humu ndani akili yake imetulia?"

Hapakuwa na hata mmoja. Miaka yote hiyo walikuwa wakiweka alama kwenye Ndiyo huku wakinywa chai, na kinga yao ilikuwa palepale chini ya kikombe. Huo ndio mchango wa Saada: aliuona mlango.

Lakini nani apite kwanza? Kila mmoja alijua kwamba wa kwanza anaweza kuitwa mwendawazimu na kunyang'anywa leseni, na rubani asiye na leseni ni mtu mwenye sare tu. Jumatatu asubuhi, abiria wakiwa wamekwisha kaa ndani ya ndege, Rwegasira alijaza fomu yake na kumpa afisa wa zamu.

"Mzee, umekosea kisanduku," afisa alisema.

"Sijakosea. Nina miaka thelathini ya kujibu bila kusoma. Leo nimesoma."

Walimpeleka kwa daktari asubuhi hiyo hiyo, wakitumaini atatangazwa mgonjwa. Daktari alimpima, akamwuliza maswali, akaandika: "Mzima wa mwili na akili. Hajalala siku tatu kwa hofu ya kazi. Asirushe ndege." Wenzake kumi na saba walipoiona karatasi ile, walijaza Hapana mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa anasema kweli. Huo ndio mchango wa Rwegasira: aliupita mlango wakati hakuna aliyejua upande wa pili kuna nini.

Jumatatu hiyo na Jumanne hakuna ndege iliyoruka. Jumatano ikawa balaa kwa Kipungu, maana leseni ya njia zile za Songea, Mpanda na kwingineko ilikuwa na sharti: zikipita siku tatu mfululizo bila ndege kuruka, njia zinarudi serikalini. Na njia ndizo walizozinunua. Ndege zenyewe zilikuwa kuukuu. Marubani wa Kipungu hawakuwa na leseni ya kurusha ndege za aina ile. Ilibaki tumaini moja. Nsajigwa alikuwa likizo Tukuyu, hajajaza fomu yoyote, na mchana huo alirudi kazini. Safari yake moja ingeiokoa Kipungu na kuwamaliza wenzake wote kumi na wanane.

Mkurugenzi wa Kipungu, Bwana Shangali, alimpokea mwenyewe getini.

"Kiti cha kapteni kwenye ndege yetu kubwa," alimwambia. "Mkataba wa miaka kumi. Nakuomba safari moja tu ya Songea, mdogo wangu. Umelala vizuri huko kwenu?"

"Nimelala vizuri sana, Mkurugenzi."

"Na akili imetulia?"

"Ilikuwa imetulia mpaka ulipoanza kusema."

Akajaza Hapana. Kiti ambacho marubani hukingoja miaka kumi na tano alikikataa pale getini, begi la safari likiwa bado begani. Huo ndio mchango wa Nsajigwa: mlango ulipotaka kufungwa, aliweka mguu.

Saa nane mchana Shangali alisalimu amri. Aliandika kwamba miaka yote ya marubani wa Mbayuwayu itahesabiwa, mshahara hautashuka, na hakuna atakayepunguzwa. Ila mtu aliyeshindwa hupenda kuuma akiondoka. Mwisho wa karatasi aliongeza: kati ya Saada, Rwegasira na Nsajigwa atabaki mmoja tu, na wenzao kumi na sita ndio watakaomchagua kwa kura kabla ya Ijumaa. Wasipoleta jina, wanaondoka wote watatu.

Msidhani Saada hakuliona sharti hilo. Alisoma mpaka nukta ya mwisho, akawaonyesha wenzake wawili. Rwegasira alisaga meno.

"Tukikataa, leo njia zinarudi serikalini, na wale kumi na sita wanapoteza kazi," alisema. "Tusaini."

Wakasaini. Saa tisa ndege ikaruka kwenda Songea.

Siku ya kura, watatu hao hawakujifanya watakatifu, na kwa hilo nawapenda.

"Sitaki huruma, nataka haki yangu," Saada alisema. "Bila jicho langu mngekuwa mmekaa hapa mnanung'unika. Na nilizunguka miaka minne kabla sijapata shirika linalokubali kapteni mwanamke. Sianzi tena kubisha hodi."

"Kuona ni kuona," Rwegasira alisema. "Ni leseni yangu iliyowekwa mezani, si ya mtu mwingine. Nina miaka miwili nistaafu. Mnijibu, ni shirika gani litamwajiri mzee wa miaka hamsini na minane?"

"Shikamoo zenu, wakubwa," Nsajigwa alisema. "Lakini nyinyi mlikuwa mnalinda mlichokuwa nacho. Mimi nilipewa kikubwa zaidi, nikakitupa kwa ajili yenu. Kipungu hawatanisahau, na hakuna shirika lingine litakalonichukua. Nina miaka thelathini ya kazi mbele yangu."

Hapo karatasi za kura zikagawiwa.

Nilipoisimulia kesi hii Morogoro, mama mmoja aliruka juu: "Wote kumi na tisa wakatae tena! Ama watatu wote, ama hakuna!" Watu wakapiga makofi, hata mimi nilipiga. Kisha nikamwuliza kama angesema hivyo kazi yake mwenyewe ikiwa imesharudi mkononi, na watoto wako shule. Alikaa chini, lakini macho yake hayakukubali kushindwa.

Basi na wewe usinitazame kama mpita njia. Wewe ni mmoja wa wale kumi na sita. Namba yako umerudishiwa, mshahara wako haukuguswa, na hukutangulia popote. Karatasi ya kura iko mbele yako, na wao watatu wanakutazama. Je, utaandika jina la nani? Au utairarua?